Kuosha Nyavu Mara ya Pili

Alhamisi ya tarehe 3 Februari 2022 nilishiriki sala ya jumuiya kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na nakiri kwamba nilishiriki kwa sababu zamu ya kupokea wanajumuiya ilikuwa imefika nyumbani kwangu, nami sikuwa na pa kujificha. Mke wangu alikuwa ameazima viti vya plastiki kwa majirani, akatandika kitenge juu ya meza ndogo ya sebuleni, akaweka Biblia na mshumaa, kisha akaniambia bila kunitazama kwamba mwenye nyumba akijifungia chumbani, wageni watadhani ana ugonjwa wa kuambukiza. Nikatoka, nikaketi karibu na mlango.

Mwaka uliokuwa umetangulia haukuwa mwema kwetu. Kampuni niliyoitunzia vitabu vya hesabu kwa miaka 11 hapa Kisumu ilifunga milango ikiwa na deni la mishahara yetu ya miezi minne, na mwezi wa Novemba mama yangu akafariki, baada ya miezi ya kuhamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine huku kila mojawapo ikidai malipo ya awali kabla ya kumgusa. Sikuacha kuamini kwamba Mungu yupo; niliacha tu kumsemesha. Marafiki walinitumia mistari ya Biblia kwa simu, hasa Yeremia 29:11, ule usemao habari za mawazo ya amani na tumaini la siku zijazo. Niliupokea mara nyingi mno hata nikaanza kuuchukia. Baadaye sana nilikuja kugundua kwamba hakuna aliyewahi kunitumia mstari wa 10, ambao unawaambia watu hao hao kwamba watakaa uhamishoni Babeli miaka 70 kwanza, wala mstari wa 5, unaowataka wajenge nyumba na kupanda bustani huko huko ugenini. Laiti ningetumiwa hiyo mitatu pamoja, huenda ningesikiliza.

Kwa wasiozijua jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, hivi ni vikundi vya Wakatoliki wanaoishi jirani, ambao hukutana nyumba kwa nyumba kila juma. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, walizifanya kuwa msingi wa kazi yao ya kichungaji katika miaka ya 1970. Jumuiya yetu ya Nyalenda ina Waluo, Waluhya na Wakisii, kwa hiyo twasali kwa Kiswahili, ingawa nyimbo huzuka kwa lugha yoyote mwimbishaji anayoamka nayo. Kila Alhamisi tunasoma injili itakayosomwa kanisani Dominika inayofuata, na tunafuata utaratibu wa hatua saba uliotungwa katika taasisi ya Lumko huko Afrika Kusini: kumwalika Bwana, kusoma andiko, kuchagua neno au kifungu kifupi na kulirudia kwa sauti, kukaa kimya, kushirikishana lililomgusa kila mtu, kuangalia kazi ya kufanya, na kumalizia kwa sala. Kanuni iliyonivutia tangu siku ile ni kwamba hakuna mahubiri. Hakuna anayeruhusiwa kumfafanulia mwenzake kile ambacho Mungu alikusudia kumwambia.

Injili ya juma lile ilitoka Luka sura ya 5, Yesu akiwa kando ya ziwa la Genesareti, ndilo hilo la Galilaya. Nilikuwa nimeisikia tangu utotoni, na picha niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya ziwa letu hili, mpaka nilipopata kujua kwamba lile la Galilaya lina urefu wa kilomita 21 tu hivi na upana wa kilomita 13, ziwa ambalo mtu akisimama ufuoni huona ng'ambo. Tulipofika hatua ya tatu watu walianza kutaja maneno waliyoyachagua. Mmoja akasema, "Shusheni nyavu." Mwingine, "Usiogope." Kisha mama mmoja anayeuza omena, yaani dagaa wa ziwani, ambaye hununua ufuoni Dunga na kuzianika mwenyewe, akasema kwa sauti ya chini, "Wanaosha nyavu." Akarudia mara tatu, kama utaratibu unavyotaka, na katikati ya kila mara palikuwa na kimya kilichojaa mbu.

Zamu yake ya kushirikisha ilipofika, alieleza jambo ambalo sijawahi kulisikia mimbarini. Alisema kwamba wavuvi wa omena huenda ziwani usiku wenye giza, wakiwa na taa za kuwavuta samaki, na mwezi ukiwa mpevu taa hizo hazifui dafu, kwa hiyo usiku mtupu si kioja kwa mvuvi. Ni sehemu ya kazi. Kinachoumiza ni asubuhi yake. Wavu uliotoka mtupu huoshwa kama ule uliojaa, kwa sababu una majani na tope, na ukiachwa hivyo utaoza. Unaosha ukiwa na njaa, unaosha huku unajua hakuna cha kugawana. Ukishaosha, umefunga hesabu ya usiku ule. "Sasa huyu Yesu," akasema, "anamwambia Petro ashushe wavu ambao ameshauosha. Maana yake atauosha tena. Petro hakukasirikia kuvua, baba, alikasirikia kuosha mara ya pili."

Akanitazama alipokuwa akisema neno hilo "baba", labda kwa sababu mimi ndimi niliyekuwa mwenye nyumba, labda kwa sababu uso wangu ulisema mambo. Sikuchangia lolote jioni ile. Lakini usiku nilifungua Luka 5:5 na kusoma jibu la Petro: "Bwana mkubwa, tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu; lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu." Nilikuwa nimezoea kuuona mstari huo kama sifa ya imani kubwa. Sasa nilisikia ndani yake uchovu wa mtu anayetii huku amenuna, na ikanijia kwamba Luka hakuona haja ya kuuficha uchovu huo. Malalamiko yamo ndani ya sentensi moja na utii, yametenganishwa kwa nukta na mkato tu. Mimi nilidhani ni lazima nimalize kwanza kulalamika ndipo niruhusiwe kusali.

Tangu hapo nikajiwekea desturi ambayo naishika hadi leo, yenye kasoro zake. Jumatatu nanakili injili ya Dominika ijayo kwa mkono nyuma ya karatasi za kalenda ya zamani, kwa sababu mkono wangu ni mzito kuliko macho yangu na haunikubalii kuruka neno. Katikati ya juma nasoma yaliyotangulia na yanayofuata, ili nisije nikafanya yale ya Yeremia 29:11. Alhamisi nawasikiliza wenzangu. Dominika nasikia andiko lile lile likisomwa kanisani, na mara nyingi mahubiri yanapoanza mimi bado niko sebuleni kwa fulani. Padre anisamehe.

Biblia ninayoitumia ni ya mama. Alikuwa Mwanglikana, mzaliwa wa upande wa Maseno, ambako wamisionari wa kanisa lake walianzisha kituo na shule mwaka 1906, na mimi niliingia Ukatoliki kwa njia ya ndoa, jambo ambalo alilipokea kwa kusema tu kwamba Zaburi ni zile zile. Ni tafsiri ya Union Version, ile ya mwaka 1952, yenye Kiswahili ambacho vijana wetu hukiona kigumu lakini ambacho masikio yangu yalilelewa nacho. Jalada limeshikiliwa na utepe wa fundi umeme. Katika ukurasa mtupu wa mwisho mama aliandika kwa penseli orodha ya waliomkopa, maana alikuwa na kibanda cha sukari, chumvi na sabuni: herufi za kwanza za jina, kitu, kiasi. Mistari kadhaa imekatwa kwa kalamu. Mimi, kwa ugonjwa wa kazi yangu, nilitafuta tarehe za malipo. Baadhi ya mistari iliyokatwa ina tarehe na kiasi kilicholetwa. Mingine, nayo si michache, imekatwa pasipo tarehe wala kiasi. Mkaguzi wa hesabu yeyote angeiwekea alama nyekundu.

Mwezi wa Machi 2023, juma la tano la Kwaresima, injili ilikuwa ya Lazaro kufufuliwa, katika Yohana 11, nayo zaburi ya Dominika ile ni ya 130. Ni mojawapo ya nyimbo 15 za kupanda, kuanzia ya 120 hadi ya 134, ambazo huhusishwa na safari za mahujaji kwenda Yerusalemu, na watu wengi hapa wanaijua kwa sababu ya mazishi. Ilisomwa kwenye mazishi ya mama pia, nami siku ile sikusikia hata neno moja. Mwenyekiti alipendekeza kwamba safari hii tutafakari zaburi badala ya injili, kwa kuwa Lazaro ni mrefu na stima ilikuwa imepotea. Tukasoma kwa tochi ya simu.

Neno lililonikamata halikuwa lile ninalolitazamia. Ni mstari wa 3: "kama Wewe ungehesabu maovu, Ee Bwana, nani angesimama?" Nimehesabu maisha yangu yote. Miaka miwili nilikuwa nikimhesabia Mungu: miezi minne ya mishahara, idadi ya malipo ya awali, idadi ya mikesha. Nilishika Biblia ile mapajani nikiujua ukurasa wake wa mwisho, na kwa mara ya kwanza nilifungua kinywa katika hatua ya tano, nikawasimulia wenzangu habari ya mistari iliyokatwa bila tarehe. Sikuweza kueleza uhusiano wake na zaburi kwa ufasaha. Hakuna aliyeniuliza.

Aliyefuata alikuwa mzee mmoja mlinzi wa usiku, ambaye hulinda ghala moja mjini na huja jumuiya akiwa tayari amevaa koti lake zito, kwa kuwa anaondokea papo hapo kwenda kazini. Yeye alichagua mstari wa 6, unaosema kwamba nafsi inamngoja Bwana kuliko walinzi waingojavyo asubuhi. Alicheka kidogo kwanza. Akasema kwamba watu wengi wakisoma pale hufikiri mlinzi anangoja asubuhi kwa wasiwasi, kama anayengojea matokeo ya mtihani. "Mlinzi hana shaka kama kutakucha," alisema. "Shida yake ni saa tisa." Saa tisa ya usiku chai ya chupa imekwisha, mbwa wamelala, na saa ya mkononi inaonekana imesimama. Na huku kwetu, alisema, tulio kando ya ikweta, jua halina haraka wala halichelewi. Mwaka mzima linatoka karibu saa ile ile, umwombe usimwombe Mungu. Kazi ni kukaa macho mpaka lifike. Kisha akaeleza jinsi anavyojua kwamba usiku umevunjika kabla hajaona mwanga wowote: kwanza adhana kutoka msikitini, kisha pikipiki za wanaopeleka mboga sokoni, kisha kunguru. Kwa muda mrefu kabla ya mapambazuko ni sauti tu.

Nilipotazama tena zaburi ile nyumbani, niliona kwamba mwandishi hasemi popote kwamba kulikucha. Anaianzia vilindini na kuishia akimwambia Israeli amtarajie Bwana, naye bado anangoja. Ni kama mtu aliyetuandikia akiwa saa tisa.

Nisije nikaonekana kana kwamba kila Alhamisi ni ya namna hii. Juma la nasaba ya Yesu katika Mathayo 1 hakuna aliyeguswa na chochote, na mtu mmoja alisinzia mpaka akaangusha mshumaa. Tumewahi kupoteza jioni nzima tukibishania michango ya harusi. Kuna mifano ya Yesu ambayo bado inanikera, hasa ule wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu wanaolipwa sawa licha ya saa tofauti. Nimeunakili mara mbili sasa na mara zote mbili mkono wangu umeandika kwa nguvu kuliko kawaida. Mishahara ile haijalipwa. Natunza vitabu vya maduka matatu madogo, kazi ya kutwa hapa na kutwa pale, na bado kuna asubuhi ambazo namkumbuka mama nikiwa katikati ya kujumlisha, nikaanza upya safu nzima. Lakini namsemesha Mungu tena, wakati mwingine kwa kunung'unika, na sijaona mahali katika Luka 5 ambapo Petro anakatazwa.

Juma hili zamu imerudi kwetu. Mke wangu amekwisha kuazima viti, nami nimepewa kazi ya mshumaa. Mwezi umeandama juzi, kwa hiyo usiku ni giza, wavuvi wanaingia ziwani kila jioni, na yule mama wa omena ametuma ujumbe kwamba anaanika na kufungasha tangu alfajiri, tuanze bila yeye. Tutaanza. Tutamwachia kiti karibu na mlango, kile nilichokalia mimi siku ile, naye ataingia katikati ya kimya cha hatua ya nne, leso yake ikinuka ziwa, na kuninong'oneza tumefika mstari wa ngapi.