Vigingi kwenye Mbuyu: Kutoka Mang'ola Hadi Yaeda Chini

Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, ni nchi ya vitunguu. Maji ya chemchemi yanakimbia kwenye mifereji, magunia yamepangwa yakisubiri lori. Pembeni mwa shamba tuliona mbuyu wenye vigingi vikavu vilivyopigiliwa shinani, kimoja juu ya kingine. Ni ngazi ya kufuatia asali ya Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa vyakula vya porini. (Majirani waliwaita Watindiga, jina hilo wenyewe hawalitaki.)

Kwa mpimaji wa ardhi, vigingi vile si kitu. Anatafuta nyumba, ua, shamba. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ilihesabu ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika kuwa ardhi ya jumla, yaani iliyo chini ya Kamishna wa Ardhi badala ya kijiji, ilhali Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo haikusema hivyo. Anayeishi kwa asali, mizizi na nyama anaangukia katikati ya sheria hizo mbili.

Tukarudi Karatu, tukapanda Mbulu, kisha tukateremka bonde la Yaeda. Joto lilitupokea kabla ya watu. Huku, mwaka 2011, Wahadzabe wa Yaeda Chini walipata hati ya hakimiliki ya kimila kwa pamoja, zaidi ya hekta 20,000, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team.

Njia ya kuipata ni ndefu. Kijiji kwanza kiwe na cheti chake cha ardhi, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa kijiji jirani kikikataa mpaka, cheti hakitoki. Kisha unakuja mpango wa matumizi ya ardhi, unaopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano ukiitishwa msimu wa matunda ya porini, Wahadzabe wako mbali na kura zao haziko. Baada ya hapo maombi yanakwenda halmashauri ya kijiji, yenye siku 90 za kuamua. Mwenyekiti na mtendaji wanasaini, wenye hati wanasaini au kuweka dole gumba, afisa ardhi wa wilaya anagonga muhuri na kusajili.

Kigumu kuliko vyote ni majina. Fomu inataka watu wa kuwakilisha, nao Wahadzabe hawana chifu, na kambi huhama. Hata hivyo hati ya kikundi ni salama kuliko ya mtu mmoja mmoja: huwezi kumlewesha mzee mmoja jioni ukaamka na ekari zake.

Karatasi haizuii ng'ombe, lakini. Kiangazi wafugaji Wadatoga hushusha mifugo kutafuta maji. Nyasi zikiisha na visima vikichafuka, wanyama wa kuwinda huhama. Wakulima nao husogea kwa hatua: mwaka huu wanakata vichaka, mwaka ujao wanapanda mahindi, wa tatu kuna kibanda. Mvamizi asipoondolewa kwenye hatua ya vichaka, kesi inakuwa ndefu. Kwa hiyo kuna walinzi wa jamii wanaotembea mpakani, wakilipwa kutokana na fedha za mradi wa hewa ukaa, unaolipia misitu inayotunzwa, ukiendeshwa na kampuni ya Carbon Tanzania.

Tulipofuata mpaka tulikuta mbuyu mwingine. Kigingi cha chini kilikuwa kipya, mti wake bado mbichi, na utomvu ulikuwa haujakauka kwenye gome.