Mathe na inchi za barafu

Saa kumi alfajiri simu ikalia hapa Umoja, na simu ya Marekani saa hiyo kabla hujashika unaanza kuhesabu nani alikuwa mgonjwa. Kumbe ni kakangu mdogo tu, yuko Minnesota mwaka wa sita sasa, kwake ilikuwa jioni ametoka kazini. Jamaa wanafanya naye kazi alitoka Jumamosi na pikipiki ya theluji akisema anaenda kwa rafiki yake ng'ambo ya ziwa. Hakufika.

Nikamuuliza, ng'ambo ya ziwa na pikipiki, kwani iko na mabawa? Akanyamaza kidogo, halafu akasema bro, ziwa limeganda, watu wanapita juu.

Sasa mimi barafu naijua ile ya shule ya msingi, juisi ya rangi kwa karatasi ya nailoni, unang'ata kona unanyonya mpaka mdomo unakuwa mwekundu. Ziwa zima mpaka gari inapita juu, hapo kichwa kilikataa. Na huko maziwa yamezidi 10,000, kwa hivyo baridi ikiingia ni kama wameongezewa barabara.

Wako na hesabu zao. Inchi 4 unaweza kutembea kwa miguu, 5 mpaka 7 pikipiki ya theluji, gari ndogo 9 au 10. Na hiyo ni barafu mpya, ile ngumu unaona ndani kama kioo, ile nyeupe iliyochanganyika na theluji inataka unene mara mbili. Shida ni kwamba ziwa haligandi sawasawa kama maji ya friji. Pale mto unaingilia, pale chemchemi inatoka chini, chini ya daraja, pale maziwa mawili yameungana na maji hayatulii, barafu inaweza kuwa nyembamba kama sahani na hatua ishirini kutoka hapo imebeba gari na haitikisiki. Na wewe huoni tofauti, kote ni kweupe. Halafu eti theluji ikiwa nyingi juu inakuwa blanketi, inazuia baridi isifike chini, barafu inakosa kunenepa! Theluji, manze, inazuia baridi. Hiyo nilimfanya arudie.

Usiku ndio mbaya zaidi. Umevaa helmeti, injini inanguruma husikii barafu ikilia, na spidi yenyewe taa ikimulika shimo ushafika. Januari 2020 kule Lac Saint-Jean, Kanada, kikundi cha watalii Wafaransa na kiongozi wao walitoka kwa njia iliyowekwa alama, wakazama usiku, watalii watano na huyo kiongozi wakafa. Na Desemba 2023 hapo hapo Minnesota, Upper Red Lake, kipande cha barafu kilikatika kikaelea na wavuvi zaidi ya 100, hao waliokolewa wote.

Ukianguka, dakika ya kwanza pumzi inakuruka, lazima utulie kwanza. Dakika kama kumi mikono bado inakusikia, baadaye inakataa, na hapo ndipo wengi wanazama, baridi yenyewe ingechukua kama saa nzima kukuzimisha. Ndiyo maana wanavaa shingoni misumari miwili yenye vishikio, unachoma barafu unajivuta, unapiga miguu kama unaogelea, na unatokea upande ule uliotoka kwa sababu huko tayari kulikubeba. Ukitoka usisimame. Jiviringishe.

Walimpata jamaa siku ya tatu, wapiga mbizi. Shimo lilikuwa limeshaganda tena na theluji ikaanguka juu, ungepita hapo usijue. Kakangu akasema kitu kimoja nimekaa nacho: jamaa alikuwa anafuata alama za watu waliopita hapo Ijumaa.

Nikakumbuka mafuriko ya 2024, nimekaa mbele kwa matatu, barabara imekuwa mto wa chai ya maziwa, dere ameona Probox imepita akasema si huyo amepita, twende. Huyo wa Probox alijuaje kama mfuniko wa shimo la maji taka bado upo au ushaenda kwa wauza vyuma? Tulipita, na mimi nilikuwa nashangilia na wengine.

Mathe hakuambiwa, lakini mathe ni mathe, alijua ndani ya wiki. Minnesota hawezi kukuonyesha kwa ramani lakini siku hizi akipigiwa anaruka salamu zote: hiyo kitu leo ni inchi ngapi? Juzi kakangu akamjibu nne, mum, lakini mimi hata siendi huko.

"Nne ni ya miguu," mathe akasema. "Na upite kwa barabara."