Siku niliyoacha spika ya nje wazi

Mimi sina kadi ya chama chochote. Nakodisha muziki: spika nne za ndani, moja kubwa ya nje, mikisa ya kuchanganyia sauti, maiki tano (moja inakwaruza, nimeshasema nitaitengeneza) na jenereta dogo la kuokolea jahazi umeme ukikatika. Harusi, maulidi, misiba, mikesha ya makanisa. Na msimu wa uchaguzi ukifika, vyama. Nimeshafunga muziki kwenye mikutano ya vyama vitatu tofauti hapa Dar, na rangi za fulana zikitofautiana, lugha ya malipo ni ile ile: nusu leo, nusu "kesho asubuhi, fundi."

Kwa hiyo nimeingia kwenye kumbi ambazo majirani zangu hawajawahi kukanyaga. Mlangoni husimama vijana wawili, na ukifika bila kitambulisho cha kamba shingoni unaambiwa uzunguke huko. Mimi kitambulisho changu ni waya begani.

Kisa hiki ni cha mkutano wa kuteua mgombea udiwani. Kata sitaitaja, chama sitakitaja, maana bado natafuta riziki mji huu huu. Ulikuwa ukumbi wa sherehe wenye feni mbili, moja inazunguka, moja inatazama. Wajumbe 86, nilihesabu viti mwenyewe. Watia nia watatu, kila mmoja dakika tatu za kujinadi na maswali mawili. Asubuhi nilikuwa nimetoa spika kubwa barabarani kupiga nyimbo za hamasa, na kikao kilipoanza nilitakiwa kuizima. Nikasahau. Hilo nakiri. Nilipokumbuka, mtia nia wa kwanza alikuwa ameshamaliza, nikachungulia dirishani nione kama kuna shida.

Mtaa mzima ulikuwa umesimama. Bodaboda wamezima pikipiki. Jirani yangu anayekaanga mihogo, mimi humwita Mama Rehema, alikuwa dirishani na upawa wake wa matundu mkononi, mafuta yanamdondokea kwenye kanga na wala hana habari. Hapo sasa sikusahau tena. Niliiacha makusudi.

Akapanda aliyekuwa anatetea kiti. Mzee mmoja mjumbe akamuuliza habari za mtaro. Akajibu kwa sauti ya kujiamini kabisa: mtaro umefikia asilimia themanini. Ndani watu wakapiga makofi. Nje kikasikika kicheko kama mvua ya ghafla kwenye mabati, na Mama Rehema akapaza sauti kupitia nondo za dirisha: "Asilimia themanini ya maji, baba?"

Ukumbi ukanyamaza. Yule bwana akageuza shingo, akatazama dirishani, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akawaacha wajumbe, akawa anazungumza na dirisha. "Mama, nisikudanganye. Kile kipande cha chini kimesimama tangu mwaka jana. Mkandarasi ameondoka." Ile ndiyo sentensi ya kwanza ya kweli niliyoisikia asubuhi ile, na niko kwenye mikisa, nasikia hata mtu akimeza mate.

Msimamizi alikuja mbio. "Fundi, zima nje! Hiki ni kikao cha ndani." Nikazima. Nikamsikia Mama Rehema: "Mbona mmetukatia sasa?"

Swali lake bado linanisumbua. Ni la haki kabisa. Kwa Katiba yetu, ibara za 39 na 67, huwezi kugombea urais wala ubunge bila chama kukudhamini. Mchungaji Mtikila alihangaika na jambo hili mahakamani miaka na miaka, mpaka mwaka 2013 Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha ikasema ni kuvunja haki. Mlango umebaki ule ule mmoja. Sasa kama mlango ni mmoja, na nyuma yake wamekaa watu 86, mimi na Mama Rehema tunaletewa chakula ambacho kimeshapakuliwa. Na mahali ambapo chama kimoja kina nguvu sana, siku yenyewe ya uchaguzi inakuwa kama kula kiporo.

Wanasema kumshirikisha asiye na kadi katika kuteua mgombea ni mambo ya Wazungu. Marehemu baba alikuwa akisimulia uchaguzi wa 1965. Chama kilikuwa kimoja, TANU, lakini karibu kila jimbo vikao vilipitisha majina mawili, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine nyumba, na wakapiga kura wananchi wote, awe na kadi asiwe nayo. Paul Bomani, waziri wa fedha mzima, aliangushwa mwaka ule. Sina hamu ya kurudi chama kimoja, tusielewane vibaya. Nasema tu kwamba hata wakati ule mkulima asiye na kadi alipewa nafasi ya kuamua kati ya wawili, na Mama Rehema leo hana hata nafasi ya kusikiliza.

Hata kadi yenyewe haikuhakikishii kitu. Mwaka 2010 CCM waliwafungulia wanachama wao wote kura za maoni za ubunge. Kufika 2020 uamuzi ulikuwa umerudi kwa wajumbe, na ndipo mji ukajaa ule msemo, "wajumbe si watu." Na wajumbe nao wana wakubwa wao: Dodoma mwaka 2015, watia nia 38 wa urais walirudisha fomu, majina yakakatwa hadi matano, kisha matatu, ndipo mkutano mkuu ukaulizwa unamtaka nani.

Tuje kwenye bahasha. Siku ile, wakati wa chai, kijana mmoja alikuwa akiwaita wajumbe mmoja mmoja nyuma ya gari, na kila aliyerudi alikuwa anashikashika mfuko wa shati. Ndani ya mfuko sikuona. Ila mikisa haina kazi watu wakinywa chai, basi nikapiga hesabu zangu: 86 mara elfu hamsini ni milioni nne na laki tatu. Chukulia kata ina wapiga kura elfu ishirini. Hela ile ile ukiigawa kwa wote, ni shilingi 215 kila mtu. Andazi moja. Tumeshawahi kuwa na sheria iliyoruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006, na bahasha hazikusoma hukumu. Wakiteua wapiga kura wote, hesabu ya andazi ndiyo inayoweza kuzichosha.

Rafiki yangu mmoja, kada wa miaka mingi, hakubaliani nami. "Kaka, ukifungua mlango, wapinzani watajaa humo watuchagulie mgombea dhaifu." Ana hoja, simkatalii. Mwaka 2009 kule Totnes, Uingereza, chama cha Conservative kilimtumia kila mpiga kura wa jimbo karatasi, hata wasio wanachama. Karibu robo yao wakazirudisha, wakamchagua daktari, Sarah Wollaston. Dhaifu hakuwa, alishinda ubunge mwaka uliofuata. Ila mwaka 2019 alikihama chama. Nadhani hicho ndicho vyama vinachokiogopa hasa: mtu anayejua kwamba hakupewa kiti na kikao.

Basi kura tuziache kwa sasa. Nafungua kidogo kidogo, kama mlango wenye bawaba mbovu. Wafungue masikio kwanza. Januari 2025 CHADEMA walipochagua mwenyekiti pale Mlimani City, matangazo yalikuwa mubashara. Kijiweni kwetu tulikesha na simu moja iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai, wengi wetu hatuna kadi yao, mpaka ikatangazwa Lissu 513, Mbowe 482. Hakuna aliyeharibu kikao kwa sababu sisi tulikuwa tunatazama. Ule ulikuwa uchaguzi wa uongozi, najua, lakini uteuzi wa diwani una siri gani kuuzidi?

Yule bwana wa asilimia themanini alipata kura 51, wenzake 29 na 6. Akapita, akawa diwani. Kipande cha chini cha mtaro bado kimesimama, ila nimesikia Mama Rehema akikutana naye humwamkia kwa kumuuliza, "Leo asilimia ngapi?"

Juzi chama kile kile kimenipigia tena. Nusu ile ya "kesho asubuhi" wamenilipa, ndiyo maana nimekubali. Safari hii oda imeletwa kwa maandishi, ina mhuri, na msitari wa mwisho umepigwa kalamu nyekundu: spika nne, za ndani tu.