Nilivyozimudu nahau za Kiingereza za huzuni na kukata tamaa

Bei ya mnada wa korosho ikishuka, mkulima wa Tandahimba husema amevunjika moyo. Ukiandika "I am broken-hearted", Mwingereza atadhani umefiwa au umeachwa na mpenzi. Kinachofaa ni "I'm discouraged" au "I've lost heart". Hiyo ya pili haitaki "my", kwani "I lost my heart to her" ni kumpenda mtu. Ndiyo maana naziandika nahau hizi kwa kufuata kilicholeta huzuni. Daftari langu lina safu tatu: nahau, chanzo, na mtu wa kuambiwa.

Safu ya tatu ndiyo inayookoa. "I feel down" au "I feel low" unaweza kumwambia karibu yeyote. "Down in the dumps" ni ya maongezi. "Gutted" ni ya Waingereza, kwa mfano timu inapofungwa dakika za mwisho. Wamarekani wana "bummed out". Hizo mbili zisiingie kwenye barua ya kazi wala insha ya mtihani; humo andika "disappointed". "With a heavy heart" ni nzito, ya kutangazia msiba au kujiuzulu.

"Under the weather" niliitoa kabisa kwenye orodha. Mgeni pale Mikindani akikwambia hivyo, anaumwa kidogo: muulize kama anahitaji dawa.

Vihusishi navikariri pamoja na neno lake: "disappointed with the price", "disappointed in you" kwa mtu, "discouraged by the results", "fed up with waiting".

Wanafunzi wengi hukwama kwenye -ed na -ing, na Kiswahili chenyewe kinatosha kuwatoa hapo. Anayesikitika huchukua -ed, kinachosikitisha huchukua -ing. "The price is disappointing, so we are disappointed." Ukisema "I am disappointing", umejitangaza kuwa wewe ndiye unayewaangusha watu.

Kila nahau naitungia sentensi za hapa hapa, zenye sababu ndani yake: "We lost heart when the rain spoiled the cashews." Bila sababu hainikai kichwani.

Kujibu nako kuna mipaka. "Pole" yetu huenda kwa aliyefiwa, anayeumwa na aliyefeli. "Cheer up" inamfaa rafiki ambaye timu yake imefungwa, lakini kwa mfiwa ni kumkosea adabu. Huyo mwambie "I'm so sorry for your loss".