Baada ya Turubai Kukunjwa

Kwa misiba, jumuiya yetu hapa Mbagala haina mpinzani. Taarifa ikitufikia usiku, kunapambazuka turubai limeshafungwa, viti vimeshashushwa, akina mama wamewasha kuni, na mweka hazina ameketi na daftari akipokea rambirambi za mkononi na za kwenye simu. Tunasali rozari, tunaimba, tunazika. Siku ya tatu tanga linaanuliwa, masufuria yanarudi parokiani na kila mtu anawahi kibaruani kwake. Mimi naanzia hapo.

Jirani yangu alifiwa na mumewe, fundi magari, akabaki na watoto. Lile neno letu la kuagia, "ukiwa na shida usisite kunipigia," sikumwambia. Mfiwa hapigi, hata akiishiwa chumvi hapigi. Nilijipangia tu kwamba Alhamisi ni siku yake: nikitoka sokoni napitia kwake na fungu la mchicha au dagaa kidogo. Nikikuta vyombo naosha, nikikuta nguo zimeloekwa nafua. Kuna siku alifungua mlango nusu akaniambia, "Dada, leo kuongea siwezi." Nikamkabidhi mfuko wake nikaenda zangu. Alhamisi iliyofuata nikapiga hodi kama kawaida.

Maneno yalinipa kazi kuliko kufua. Msibani lazima mtu aseme kazi ya Mungu haina makosa, na mwingine adakie kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Hili la pili limo katika Ayubu 1:21, na msemaji ni Ayubu mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuna jirani aliyekuja kumwambia. Rafiki zake watatu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, kimya, na mpaka hapo walikuwa wamefanya vizuri. Walipofungua vinywa ndipo wakaharibu. Basi namwachia mfiwa ayaseme siku akiweza. Asipoweza, simsemei.

Halafu kuna Yohana 11, sura niliyoisoma nikairudia. Martha anamwambia Yesu kwamba angekuwapo, ndugu yao asingekufa. Baadaye Mariamu anakuja na lawama ile ile. Martha anajibiwa kwa mazungumzo marefu juu ya ufufuo. Mbele ya Mariamu, Yesu analia. Dada wawili, msiba mmoja, na kila mmoja kapewa chake. Wala hakuna aliyekemewa.

Kwa jirani yangu niliyaona hayo hayo. Yeye alitaka marehemu atajwe. Watu walilikwepa jina la mumewe wakidhani wanamwonea huruma, kumbe wanamnyima. Nikawa namuuliza: alikuwa anapenda chai gani? Ya rangi, akasema, tangawizi tele, na anaivuta kwa kelele mpaka watoto wanaziba masikio. Akamwigiza anavyoivuta, akacheka, katikati ya kicheko akaanza kulia, nami nikaendelea kuchambua mchicha pale pale kwenye mkeka. Kijana wake mkubwa, wa kidato cha pili, hakutaka hadithi hata moja. Ananisalimia, "Shikamoo mama mdogo," anapotea. Huyo mume wangu ndiye aliyemweza: anamwita kuangalia mpira, wanabishana Simba na Yanga mpaka usiku, marehemu hatajwi kabisa.

Kisha yakaja makaratasi, na hapa sisi wanajumuiya tunalala sana. Ili benki itoe fedha za marehemu, inataka msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa hiyo kuna cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, kuna muhtasari wa kikao cha ukoo, kisha Mahakama ya Mwanzo. Mjane asiyepata usingizi anaambiwa njoo Jumatatu, na Jumatatu anaambiwa jina kwenye cheti limepungua herufi, karekebishe. Nilikuwa nakaa naye kwenye benchi, nimebeba bahasha, maji na maandazi, tunasubiri kuitwa. Kwa maoni yangu, benchi lile ni ibada kuliko hotuba nyingi nilizozisikia makaburini. Wakati huo huo mashemeji walishaanza kuulizia vifaa vya gereji. Ugomvi wa ukoo sikuuingia. Nilimsihi tu asitie saini karatasi yoyote kabla msaidizi wa kisheria hajaiona. Wasaidizi hao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na asiye na uwezo hahitaji kulipa.

Peke yangu nisingeweza. Nina genge langu la biashara na watoto wangu. Nikaenda jumuiyani na Matendo 6, pale wajane wanaposahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuhubiri watu wawe na huruma zaidi. Walitaka wachaguliwe watu saba, kwa majina. Nasi sasa tuna ukurasa wa pili katika daftari la rambirambi: nani anapita lini, mpaka misa ya kumbukumbu ya mwaka. Sharti tuliloweka ni kwamba ya ndani ya nyumba ya mfiwa hayatoki nje, maana ziara kama hizi zisipochungwa zinageuka umbea.

Linalobishaniwa bado ni fedha. Nimependekeza sehemu ya michango isiishie kwenye wali na nyama, ibaki kwa nauli na ada za mahakamani. Mwenyekiti hataki, anasema tutachekwa kwamba tumewalaza wageni njaa. Mweka hazina yuko upande wangu. Hoja inarudi kikaoni Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, na akina baba nimeshaanza kuwasemesha mmoja mmoja.