Redio ya Corolla pale Kirumba

Mzee alinikuta Kirumba, Mwanza, asubuhi na Corolla 110 yake. Alitaka redio itoke kabla hajavuka kwa kivuko cha Kamanga kwenda Sengerema, ambako mwanawe angeifunga kwenye gari lake. "Inanimalizia betri, kijana. Nikililaza gari siku tatu, haliwaki."

Dashibodi sikuigusa kwanza. Nilifungua terminali ya hasi kwa spana namba 10, nikapitisha mita kati ya terminali na nguzo ya betri, waya mwekundu wa mita ukiwa kwenye tundu la ampea 10. Gari limezimwa, milango imefungwa, ufunguo mfukoni mwa mzee: miliampea 400 hivi. Gari kama lile likilala halipaswi kuzidi 50. Kwa betri ya ampea-saa 45, siku tatu za namna hiyo zinaimaliza zaidi ya nusu.

Hasi niliiacha wazi muda wote wa kazi. Waya wa njano wa redio una umeme hata gari likiwa limezimwa. Ukigusa bati la gari fyuzi inakatika, na kama aliyefunga aliruka fyuzi, waya wenyewe ndio unaoungua.

Uso wa redio ulichomoka kwa kitufe chake, urembo wa plastiki wa pembeni nikaubandua kwa vidole. Nikaingiza zile funguo mbili bapa za kutolea redio kwenye nafasi za kulia na kushoto, zote mpaka zilie "ta". Nikavuta. Redio ilisogea sentimita moja, ikarudi.

Dashibodi nyingi hupasukia hapo. Plastiki iliyopigwa jua miaka 20 haitaki nguvu, na redio iliyoachiwa na klipu za fremu, lile ganda la bati inamokaa, ikigoma kutoka, kuna kitu kimeishika nyuma. Niliteremsha boksi la dashibodi upande wa abiria, nikamulika tochi. Mkanda wa bati wenye matundu ulikuwa umefungwa mgongoni mwa redio kwa nati namba 8, na nati imeshika kutu, kwa kuwa maji ya mvua yalipenya kwenye raba ya kioo cha mbele. Nikapulizia mafuta ya kulegeza kutu, nikasubiri, kisha nikaushika mkanda kwa praizi ili usizunguke na nati. Ikalegea. Redio ikatoka yenyewe, nikachomoa antena kwa kushika kichwa chake, si waya.

Kilichokuwa nyuma kiliniuma. Soketi ya Toyota ilikuwa imekatwa kabisa, waya zimesokotwa kwa mkono na kufungwa vipande vya nailoni. Waya wa njano na mwekundu wa redio zilikuwa zimeunganishwa pamoja kwenye bluu yenye mstari wa njano, ambao una umeme wakati wote. Waya wa kijivu wa gari, unaopata umeme ukizungusha ufunguo, uliachwa unaning'inia. Mwekundu ulipaswa kwenda kwenye kijivu. Bila hivyo redio haijui kama gari limezimwa. Mzee akibonyeza kitufe taa zinazimika, ndani inaendelea kula. Soketi ya kuunganishia bila kukata waya inauzwa bei ndogo, na ingemwokolea betri.

Nikakata ncha zilizooza, nikaviringisha tepu nyeusi kila waya peke yake, hata za spika, maana waya za spika zikigusana zinaunguza redio itakayofungwa baadaye. Zile tatu za umeme nikaziandika kwenye karatasi: bluu-njano, wakati wote; kijivu, ufunguo; kahawia, bodi, yaani hasi.

Kabla ya kufunga terminali nikapima tena. Miliampea 20.

Fremu ya bati ilibaki kwenye dashibodi. Nikanyoosha meno yake kwa bisibisi bapa, nikaitoa bila kuipinda, kwa sababu huko Sengerema redio isingekaa bila hiyo. Mzee akaondoka na redio, uso wake, fremu, mkanda na zile funguo mbili.