Taa ya injini na msimbo wa 22

Taa ya injini ya Toyota yangu ya mwaka 1994 ilikuwa ikiwaka kila nilipokwama kwenye foleni ya feri ya Likoni, huku petroli ikiisha upesi mno. Gari la umri huo halihitaji mashine ya kusomea hitilafu: chini ya boneti nilifungua kisanduku cha uchunguzi, nikaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha nikafungua swichi bila kupiga stata. Taa ilimetameta mara mbili, ikatulia, ikametameta mara mbili tena. Huo ni msimbo wa 22, yaani mkondo wa sensa ya joto la maji una kasoro.

Fundi alinishauri ninunue sensa mpya, ushauri wa haraka kwa maoni yangu, kwani msimbo huelekeza kwenye njia nzima ya umeme, zikiwemo nyaya na soketi. Kwa multimita, yaani kipimo cha umeme, ukinzani wa sensa ulisoma takriban omu 1,800 injini ikiwa baridi, ukashuka hadi karibu 300 ilipopata moto, kama inavyotakiwa; kwa hiyo sensa ilikuwa nzima. Ubovu ulikuwa kwenye soketi, ambamo kutu ya kijani, ambayo hewa yetu ya chumvi haikawii kuileta, ilikuwa imeila pini moja. Niliikwangua, nikairudisha soketi, nikachomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kielektroniki wa kuingiza petroli) kwa nusu dakika ili kufuta kumbukumbu ya kompyuta, na msimbo haukurudi.